Kadi ya Saba

Chumba namba nne, Wete, nyuma ya stoo ya dawa.
Feni inazunguka kwa kusitasita, kama mtu aliyekumbuka deni.
Daktari Ngonyani, mgeni wa Bara, anapanga kadi kumi mezani.
Mimi naandika. Kazi yangu ni hiyo tu:
sekunde ngapi kabla ya neno la kwanza,
kadi imegeuzwa au haikugeuzwa,
na neno lenyewe, kama lilivyotoka mdomoni.

"Hapana jibu sahihi," anamwambia Bi Mkasi.
"Sema unachokiona."

Bi Mkasi binti Shaame, mchambuaji karafuu wa Mzambarauni,
miezi mitano hajalala usingizi wa kueleweka,
anaitazama kadi ya kwanza kama yuko dukani.
"Doti ya leso. Haijakatwa bado.
Huku mmoja, huku mwenziwe.
Lakini aliyeichapa kasahau kuipa jina."

"Lingekuwapo, lingesemaje?"

Sekunde arubaini na moja. Nimeziandika.
"Lingesema: Nisiyoyajua yananijua."

Ya pili ina nyekundu; akaisukuma kwa kidole.
Ya tatu: mawifi wawili na chungu kimoja, hapana atakayekula.
Ya nne hakutaka kuishika.
Ya tano: popo.
"Popo ni popo, daktari, usinitafutie mengine."
Tukacheka sote, hata feni.

Ya sita akaishika muda, kisha akauliza yeye:
"Wino huu nani kaumwaga?"
Daktari akaanza kueleza: karatasi, tone, kukunja.

"Aa. Kwetu sisi wino hunywewa.
Kila homa, kila ndoto mbaya,
marehemu baba alileta sahani nyeupe,
akaandika kwa zafarani, akayaosha maneno kwa marashi,
nikayanywa nimefumba macho.
Sikusoma hata herufi moja. Yaliingia yote.
Miaka arubaini najiuliza yalikwenda wapi."

Akaigonga kadi kwa ukucha.

"Ndiyo haya. Yanatoka sasa,
ila yamesahau kusomeka."

Daktari aliweka kalamu chini.
Mimi yangu sikuiweka.

Kadi ya saba. Ya kijivu, katikati patupu.
Nje mtu anaburuta ndoo juu ya saruji.
Bi Mkasi akavuta ushungi, akatazama,
akasema neno moja.
Nikaliandika.

Wiki ya pili daktari akanisomea ripoti, kaipenda kazi yake:
"Kwenye kadi ya saba mgonjwa kaona *mama*.
Mama aliyefifia, kiti chake kitupu.
Mama aliyeondoka bila kuaga,
na mtoto akakatazwa kulia."

Vidole vyangu vikapoa.
Kwa sababu nakumbuka, kama nilikumbukavyo jina langu,
Bi Mkasi alisema *maji*.

Maji.

Nikalifungua daftari.
Mwandiko wangu, wino wangu wa buluu.
M, halafu a,
halafu kalamu imeshika njia yake:
*mama*.

Alipanda boti pale Mkoani, mimi nina miaka sita.
Anakwenda Unguja kununua vitambaa, walisema.
Walisema mwanamume halii.
Hayo hayamo kwenye daftari lolote.
Na daktari kayaona, kayaona barabara,
ila kakosea mtu.

Ningeweza kusema. Kifutio kilikuwa mfukoni.
"Ripoti nzuri," nikasema.

Bi Mkasi alipewa vidonge na miadi ya mwezi wa pili.
Mlangoni akasimama, viatu mkononi,
akanitazama kama alivyozitazama zile kadi.
"Na wewe, mwanangu, hulali?"

Sekunde kumi na tisa.
Kadi haikugeuzwa.
Hapana jibu.